Tembe Aliyedumaa

Kuku tembe wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi 6 hivi. Anayebaki mdogo, mzito wa kutembea na wa mwisho kufika penye chakula huenda aliangulika dhaifu, lakini mara nyingi chanzo ni minyoo, kuhara damu alikougua angali kifaranga, au wenzake wanaomdonoa na kumfukuza. Hilo la mwisho hupuuzwa mno. Wakati wa kula atengwe ndani ya tenga, aendelee kuonana na kundi. Akiondolewa kabisa, siku ya kurudi hupigwa kama mgeni. Apewe pumba zenye dagaa waliosagwa, mchicha, maji safi na dawa ya minyoo. Apimwe uzito kila wiki. Miguu ikipooza, mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda ni ugonjwa wa Marek, nao hauna tiba.