Utumbo unapotoboka wakati wa kipimo: saa za kwanza ndizo huamua

Al-Rawdah ni jina la mitaa katika miji mikubwa ya Saudi Arabia. Mmoja uko mashariki mwa Riyadh, na mwingine uko kaskazini mwa Jeddah, ambako ndiko lilipo tawi la Jeddah la Hospitali Maalumu na Kituo cha Utafiti cha Mfalme Faisal. Katika miji hiyo kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa kamera, kijulikanacho kama kolonoskopi, si jambo geni tena. Saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa zile zinazowapata zaidi wanaume wa nchi hiyo, na mwongozo wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2015 ulipendekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 45.

Wanaopimwa si raia peke yao. Ni pamoja na wafanyakazi wa kigeni, wakiwemo watu kutoka Afrika Mashariki, ambao mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani siku ile ile, wakiwa bado na uzito wa dawa ya usingizi na maelezo yaliyotolewa kwa Kiarabu au Kiingereza. Hapo ndipo penye hatari. Madhara makubwa zaidi ya kipimo hiki, yaani kutoboka kwa utumbo, huweza kujitokeza baada ya mgonjwa kufika nyumbani, na matokeo yake hutegemea sana saa zinazopita kabla hajarejea hospitalini.

Kolonoskopi hufanywa kwa mrija mrefu unaopinda, wenye kamera na taa kwenye ncha yake. Daktari huuingiza kupitia njia ya haja kubwa na kuusukuma hadi mwanzo wa utumbo mpana, huku akipuliza hewa ili kuta za utumbo zitanuke. Kupitia mrija huo huo anaweza kukata vinundu ambavyo baadaye vingeweza kugeuka saratani. Kazi hiyo ya kukata vinundu ilianza mwaka 1969 mjini New York, mikononi mwa madaktari William Wolff na Hiromi Shinya, na imewaepusha watu wengi na upasuaji wa kufungua tumbo.

Utumbo hutoboka kwa njia tatu. Ya kwanza ni msukumo wa mrija wenyewe, hasa kwenye kona iliyopinda mithili ya herufi S, karibu na mwisho wa utumbo. Ya pili ni hewa nyingi kupita kiasi. Ya tatu ni joto la umeme linalotumika kukata kinundu au kuzuia damu. Ukuta ulioungua huweza kushikilia kwa siku kadhaa kisha ukaachia. Wazee, wenye uvimbe wa muda mrefu wa utumbo na waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa tumbo wako katika hatari zaidi.

Hata hivyo, jambo hili si la kawaida. Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa upasuaji wa dharura ya mwaka 2017 inakadiria kuwa hutokea kwa asilimia 0.016 hadi 0.8 ya vipimo vya kutazama tu. Pale panapofanyika tiba, kama vile kukata vinundu vikubwa, kiwango hicho hupanda.

Msikilizaji huenda akauliza: mtu atatofautishaje maumivu ya hewa na hatari yenyewe? Maumivu ya hewa huja na kuondoka, na hupungua mgonjwa anapojamba. Maumivu ya utumbo uliotoboka huzidi kadiri saa zinavyopita. Tumbo hujaa na kuwa gumu, homa hupanda, moyo huenda mbio, na wengine hutapika au huhisi maumivu begani, kwa sababu hewa iliyovuja huusumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 48. Mwenye dalili hizo hapaswi kula, kunywa dawa ya kuharisha wala kutuliza maumivu akisubiri kupambazuke. Nchini Saudi Arabia gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu huitwa kwa namba 997, na ushauri wa Wizara ya Afya hupatikana kwa namba 937.

Hospitalini, picha ya CT huonyesha hata hewa kidogo iliyovuja, ambayo picha ya kawaida ya eksirei huweza kuikosa. Picha hiyo husaidia pia kutambua hali nyingine inayofanana: ukuta wa utumbo kuungua bila kutoboka, ambao kwa kawaida hupona kwa dripu na antibiotiki.

Tiba hufuata njia tatu. Iwapo tundu limeonekana kipimo kikiendelea, ni dogo na utumbo ni safi, daktari huweza kuliziba papo hapo kwa vibanio vidogo vya chuma vinavyopitishwa ndani ya mrija. Njia ya pili ni ya kungoja kwa uangalifu: mgonjwa hulazwa, hafungi kinywa kwa hiari bali kwa amri ya daktari, huwekewa dripu na antibiotiki, na tumbo lake hukaguliwa kila baada ya saa chache. Hewa kuonekana nje ya utumbo peke yake si hukumu ya kupasuliwa. Lakini asipopata nafuu, njia hiyo huachwa mara moja.

Njia ya tatu ni upasuaji, ambao haucheleweshwi pale tundu linapokuwa kubwa, kinyesi kinapomwagika au uchafuzi unapoenea tumboni. Akiwahiwa, mgonjwa huweza kushonwa tundu na kufungwa, mara nyingine kwa matundu madogo tu. Akichelewa, kipande cha utumbo huondolewa, na huenda kinyesi kikaelekezwa kwenye mfuko ulioshikizwa tumboni. Kwa wengi mfuko huo ni wa muda. Waislamu walio nao huingiwa na wasiwasi kuhusu sala. Wanazuoni wengi humhesabu mtu huyo kuwa mwenye udhuru, anayetawadha kila unapoingia wakati wa sala kisha akasali hata kama kinyesi kinaendelea kutoka.

Kwa wageni kuna tahadhari mbili zaidi. Aliyekatwa kinundu kikubwa amwulize daktari kabla ya kupanda ndege, kwani hewa ndani ya mwili hutanuka angani na dalili za kuchelewa huweza kumkuta safarini. Na asiyejua lugha ya hospitali aende na mtu wa kumtafsiria.

Kukikimbia kipimo si suluhisho, maana saratani inayogunduliwa mapema hutibika kuliko ile inayongojwa. Linalotakiwa ni mgonjwa, kabla ya kutoka mlangoni, ajue mambo matatu: kama amekatwa kitu, dalili zipi zimrudishe, na apige simu wapi usiku.