Waingereza wanaposema "trespass" katika Sala ya Bwana

Vijana wanaojifunza Kiingereza wametuuliza kwa radio: mbona Waingereza wengi, wakifika mahali pa kuomba msamaha katika Sala ya Bwana, wanasema "trespasses", na Biblia yetu ya Kiswahili inasema deni? Hewani tulijibu kwa kifupi. Hapa tueleze vizuri.

Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ilikuwa kupita ng'ambo. Kwa Kifaransa cha leo "trépasser" ni kufa. Lakini Waingereza walilipeleka kwenye ardhi. Kwao utaona kibao mlangoni, "No trespassing": usiingie, hapa pana mwenyewe. Ukikanyaga shamba la mtu bila ruhusa, kwa sheria ya Uingereza umekwisha kosa, hata kama hukung'oa jani moja. Mwenye shamba anaweza kukushitaki bila kuonyesha hasara yoyote.

William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya, mwaka 1526, aliweka neno hilo katika Mathayo 6, na kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha 1549 kikalishika. Biblia ya King James ya 1611 iliandika deni katika mstari wa 12, kwa kuwa Kigiriki pale kinasema deni kweli, ila katika mstari wa 14 ikaandika "trespasses". Kwa hiyo msigombane.

Fungueni Yoshua 7. Kosa la Akani, King James inaliita "trespass" katika mstari wa 1. Katika mstari wa 11 Mungu analalamika kwamba Israeli wamelivunja agano lake, na kitenzi cha Kiebrania pale ni kile kile cha sura ya 3, walipovuka Yordani. Wamevuka agano! Mto waliuvuka kwa amri ya Mungu. Mpaka huu wa pili hakuna aliyewatuma kuuvuka.

Sasa ya kwetu. Mtu anasogeza mbao za lupango usiku, hatua mbili ndani ya kiwanja cha jirani. Siku ya Yenga analia mbele ya madhabahu, anasema Mungu amemsamehe. Mbao ziko pale pale, na jirani anapita kila asubuhi akiziangalia. Msamaha gani huo? Someni Walawi 6, mistari 7 ya kwanza: aliyenyang'anya anamrudishia mwenyewe mali yote, anaongeza sehemu ya tano, ndipo anapeleka kondoo kwa kuhani. Mbuzi 5 wanarudi wakiwa 6. Na sadaka yenyewe King James inaiita "trespass offering".

Wengine wanatuuliza: na kama mwenyewe alikimbia vita, au alikufa? Hesabu 5:8 inajibu. Kama hakuna ndugu wa karibu wa kupokea, malipo ni ya Bwana, yanapewa kuhani. Hapa sisi wachungaji tusifurahi haraka. Andiko linasema kama hakuna ndugu. Kwanza watafutwe watoto, wajane, kaka, hata kama wako kambini, hata kama wamevuka kwenda Uganda. Simu zipo, na shefu wa mtaa anajua nani aliishi wapi.