Usingoje Zamu ya Maji Ipite

Ndugu mkulima, ndege wakishuka juu ya mtama wako husemi, "Nitawafukuza wiki ijayo." Wajua ya kuwa wiki ijayo hapatakuwa na mtama wa kulinda. Lakini mkulima huyo huyo, mtoto wake akipata homa, mara nyingi husema, "Tungoje kidogo, leo ni zamu yangu ya maji." Siku ya pili husema hana nauli. Siku ya tatu, usiku, anatafuta pikipiki kwa haraka, na mtoto amekwisha kupoteza fahamu.

Malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo kwa muda wa siku moja au mbili tu. Kwa hiyo yafaa mtoto mwenye homa apimwe kabla ya saa 24 kupita tangu homa ianze. Sisi tunaolima kwa mifereji, kando ya Turkwel au katika bustani za Kalobeyei, tuna sababu zaidi ya kukumbuka jambo hili, kwa kuwa maji yanayotulia shambani huzaa mbu.

Mambo matatu ndiyo humchelewesha mgonjwa: kutojua aende wapi, kukosa fedha, na kazi ya shamba. Yote matatu yaweza kutengenezwa kabla ugonjwa haujaingia nyumbani.

MLANGO WA KWANZA NI DISPENSARI

Watu wengi hupita dispensari ya karibu wakaenda moja kwa moja Lodwar, wakidhani ya kuwa hospitali kubwa ina dawa bora. Kwa homa, kikohozi, kuhara, kidonda, chanjo na kliniki ya wajawazito, dispensari na kituo cha afya ndiko mahali pake. Malaria hupimwa kwa tone moja la damu, na majibu hutoka kwa muda mfupi, upatao robo saa. Dawa ya kawaida humezwa mara sita kwa siku tatu. Hapana budi kuimaliza yote, hata kama mgonjwa amepata nafuu siku ya pili na ameomba chakula.

Karibu zaidi ya dispensari yuko mhudumu wa afya ya jamii. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilianza kugawa mikoba ya vifaa kwa wahudumu hawa wapatao 100,000 nchini kote. Jua anakaa nyumba gani. Yeye atakuambia kama ni jambo la kungoja asubuhi au la kuondoka sasa hivi.

Ugonjwa ukizidi uwezo wa dispensari, mganga atakuandikia barua ya kukupeleka mbele. Walio upande wa magharibi wana Hospitali ya Misheni pale Kakuma; na hospitali kubwa ya kaunti nzima ni ile ya rufaa ya Lodwar, umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka Kakuma. Barua hiyo itunze pamoja na kijitabu cha mtoto au cha mama mjamzito. Karatasi hizo humwambia daktari mgonjwa amekwisha kupewa nini, asije akapewa dawa ile ile mara mbili.

Makazi ya Kalobeyei yalipoanza kupokea watu mwaka 2016, shabaha ilikuwa mkimbizi na mwenyeji watumie huduma zile zile. Basi Mturkana asipite mlango wa kliniki ya huko akidhani si yake, wala mgeni asiogope kukaa benchi moja na mwenyeji.

HAYA HAYANGOJI ASUBUHI

Ondoka mara moja, iwe mchana au usiku, ukiona dalili hizi:

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, anayesinzia na haamki vizuri, au anayepumua mbio huku mbavu zikibonyea ndani.

Mama mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa sana na kichwa na kuona ukungu machoni, au ambaye uchungu wake umepita saa 12 bila kujifungua.

Mtu yeyote anayehara maji mengi kama maji ya mchele. Huyu aanze kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti hapo hapo nyumbani, yakiwa yamekorogwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na aendelee kunywa njiani.

Mtu aliyeumwa na nyoka. Usichanje jeraha, usilinyonye, wala usifunge kamba ya kukaza. Mvue pete na bangili, ufunge mguu au mkono kwa vijiti usitikisike, na umbebe, asitembee. Usipoteze saa kumtafuta nyoka umwue.

Mtu aliyemeza au kuvuta dawa ya wadudu. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji na sabuni. Usimtapishe. Chukua karatasi ya chupa ile upeleke hospitali, kwa maana daktari hutafuta tiba kwa jina la dawa.

Kuna na ugonjwa mwingine usiokuja kwa kishindo: homa ya majuma mengi, mwili kukonda, na tumbo kuvimba upande wa kushoto kwa sababu ya wengu. Yaweza kuwa kala-azar, inayoletwa na usubi wanaokaa katika nyufa za vichuguu. Huu haumwui mtu kwa siku moja, lakini usipotibiwa huua. Matibabu yake ni ya siku nyingi hospitalini, basi jipange na jamaa wa kukuangalilia mbuzi.

Wengine humwita emuron kwanza. Hatuji kugombana na desturi za wazee. Tunasema tu ya kuwa siku ya kwanza iwe ya dispensari, kwa sababu siku hiyo hairudi.

KUHUSU FEDHA

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa bima ya zamani ya NHIF. Kujiandikisha si malipo. Waweza kujiandikisha kwa simu kwa kupiga *147#, ukiwa na kitambulisho chako, kisha uandikishe mke au mume na watoto. Aliyejiandikisha hupata matibabu ya dispensari na kituo cha afya bila kulipa mchango, kwa kuwa fungu hilo hulipwa na Serikali.

Matibabu ya kulazwa hospitalini ndiyo yanayodai mchango. Kwa mtu asiye na mshahara, kama wengi wetu, mchango hupimwa kwa hali ya nyumba yake, nao haupungui shilingi 300 kwa mwezi, ambazo ni 3,600 kwa mwaka. Majira ya kuutoa ni wakati wa mavuno, fedha zikiwa mkononi, si wakati wa njaa.

Na jambo hili lishike sana: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hiyo mwenye kutokwa damu au mwenye degedege asibaki nyumbani kwa sababu mfuko ni mtupu. Mpeleke. Habari za malipo zitafuata baadaye.

ZAMU YA MAJI NA ZAMU YA MGONJWA

Sasa tuje kwenye jambo la shamba, ambalo sisi wa ofisi ya kilimo tunalisikia kila msimu. Mkulima husema, "Nikiacha zamu yangu, mahindi yatakauka, na watoto wote watalala njaa kwa ajili ya mmoja." Hayo si maneno ya mtu mjinga. Ni hesabu ya kweli, nayo haiwezi kujibiwa kwa kumkemea.

Jibu liko kwenye kamati ya maji. Katika mkutano ujao toeni shauri hili: mwenye mgonjwa asipoteze zamu yake. Jirani wa juu na jirani wa chini wa mfereji wamfungulie maji, na yeye awalipe kwa kazi akirudi. Andikeni katika kitabu cha kamati, ili lisitegemee urafiki. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeondoa sababu kubwa inayowafunga watu shambani.

Pamoja na hilo, kila fungu la wakulima liweke akiba ndogo ya nauli, na liwe na namba za simu za dispensari, za mwenye gari na za mwendesha pikipiki mwaminifu. Zibandikeni mahali panapoonekana na wote.

Tena kumbukeni laga. Tarach yaweza kushuka kwa nguvu pale Kakuma hali mvua imenyesha mbali milimani, na mahali penu pakavu kabisa. Usivuke maji yanayoteremka, hata ukiwa na mgonjwa. Mama aliyekaribia kujifungua ahamie kwa jamaa upande wa hospitali kabla mvua hazijaanza.

Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki, kwa kuwa watu wa mbali hawakuwa na njia ya kumfikia daktari. Siku hizi dispensari nyingi zaidi ziko karibu nasi, na barabara zimesogea mbele. Kilichobaki ni mwendo wetu wenyewe.

Basi kabla hujaliweka gazeti hili, jibu maswali manne. Dispensari yangu ni ipi, na nani yuko pale usiku? Nani atanibeba? Je, nyumba yangu imeandikishwa? Nani atanifungulia maji? Ukikosa jibu la swali moja, lipate juma hili, wakati watu wote nyumbani ni wazima.