Vijiti vya mkononi vilivyoanzia kwenye mchanga

Hofu inayosikika sana kuhusu vijiti vya uzazi wa mpango ni kwamba vitayeyuka mwilini, au vitahama mkononi viende moyoni. Jibu limo katika kemia, na kemia yenyewe huanzia kwenye mchanga, kitu ambacho Mto Tana haujawahi kukikosa.

Mchanga safi ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Viwandani huchomwa pamoja na kaboni katika tanuri la umeme, oksijeni ikatoka, ikabaki silikoni. Kazi ngumu ilikuwa kuiunganisha silikoni hiyo na kaboni kwa gharama ndogo. Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, alihangaika nayo kwa miongo kadhaa na bado hakutarajia faida kubwa. Mwaka 1940, Eugene Rochow wa Marekani alipitisha gesi ya kloromethani juu ya silikoni yenye shaba, kwenye joto la nyuzi 300 hivi. Akapata kimiminika ambacho kila atomu yake ya silikoni imebeba vikundi viwili vya methili (kaboni na hidrojeni) na klorini mbili. Kikikutana na maji, klorini huondoka kama asidi, nazo atomu za silikoni hushikana kwa kupitia oksijeni, zikawa mnyororo mrefu ajabu. Minyororo hiyo ikifungwa pamoja, unapata mpira.

Mwili hauna kimeng'enya cha kuikata minyororo hiyo, basi mpira hauyeyuki. Hata hivyo si mgumu kama chuma: molekuli ndogo za homoni hupenya polepole. Vijiti viwili vya aina ya Jadelle, vilivyotengenezwa kwa mpira huo, kila kimoja na miligramu 75 za homoni ya levonojestreli, hutoa mikrogramu 100 hivi kwa siku mwezi wa kwanza, kisha hushuka hadi takriban 30, na hufanya kazi kwa miaka 5. (Kijiti kimoja cha Implanon ni plastiki ya aina nyingine.) Kuhama mbali ni nadra sana, na aghalabu husababishwa na kijiti kutiwa ndani mno.

Kwa mama wa Ngao au Idsowe, kwenye delta ya Mto Tana, miaka hiyo 5 si jambo dogo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garsen hadi Lamu, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 haingoji maji yapungue. Ila mpira usioyeyuka hautoki wenyewe pia: lazima utolewe na mhudumu aliyefunzwa, na zahanati inayotia vijiti bila uwezo wa kuvitoa inafanya nusu ya kazi.

Mweleze muuguzi ukitumia efavirenzi ya virusi vya ukimwi, au rifampisini ya kifua kikuu, kwa sababu dawa hizo hupunguza nguvu ya homoni. Vijiti havizuii virusi vya ukimwi. Tunza kadi yenye tarehe ya kutolewa, na ukipapasa mkono usivihisi, tumia kondomu na urudi kliniki mapema.