Bei ya Mbuta na Umri wa Mvuvi: Habari za Ufuo wa Sindo

Mtu akisimama ufuoni Sindo asubuhi na mapema, mbele yake huliona ziwa la Victoria limetandaa, na nyuma yake nchi ya Gwassi yenye vilima. Mitumbwi ikirudi kutoka majini, watu wa namna tatu huwa wanaingoja. Vijana huingia majini kuivuta nchi kavu. Akina mama hukaa na mabeseni yao tayari. Na wazee huketi kivulini, nyavu magotini, wakishona matundu ya jana. Wote watatu wangoja neno moja tu, yaani bei. Lakini bei hiyo haikukatwa Sindo, wala Homa Bay, wala Kisumu. Mara nyingi imekatwa ng'ambo, na watu wasiopata kuliona ziwa hili.

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi habari moja ya biashara ya ng'ambo inavyowafikia watu wa ufuo mmoja kwa njia mbalimbali, kila mtu kwa kadiri ya umri wake. Wengi hudhani kwamba soko likianguka, wote huanguka sawasawa. Sivyo.

Biashara ya ng'ambo haikuanza jana kwetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za uzi wa kitani kutoka Ulaya zikaletwa katika ghuba ambayo leo twaiita Winam. Kabla ya hapo watu walivua kwa mitego ya kusukwa, kwa vizuizi vya mafunjo na kwa ndoana. Wavu mpya ulikamata ngege wengi kupita mitego yote ya zamani. Basi aliyepata fedha za kuununua akawa mwenye kazi, na asiyepata akawa mtu wa kibarua. Mzee aliyejua msimu na mahali pa kutega aliona ujuzi wake ukipungua thamani. Lakini wavu ule ule uliwapunguza ngege, hata kufika miaka ya 1950 mvuvi alikuwa akitega nyavu nyingi apate samaki wachache.

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, aliingizwa ziwani. Kwa muda mrefu hakuonekana sana. Kisha yapata mwaka 1980 akazidi mno katika ghuba yetu, akila samaki wadogo wa asili. Mwanzoni watu hawakumpenda, kwa kuwa ni mkubwa, ana mafuta mengi, na kumkausha kwahitaji moto na kuni. Lakini katika miaka ya 1980 viwanda vya kukata minofu vilijengwa, na minofu ikaanza kusafirishwa Ulaya na nchi nyingine. Magari yenye barafu yakafika hata fuo za mbali, na fedha taslimu zikalipwa kwa kilo.

Tuifikirie sasa nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani, bali ni mfano wa nyumba nyingi za ufuoni. Yumo babu wa miaka 65, mkewe, mwana wao wa miaka 38, na mjukuu wa miaka 18.

Biashara ya mbuta ilipostawi, mjukuu ndiye aliyefurahi kwanza. Mbuta huvuliwa maji ya mbali, na kazi yataka mikono yenye nguvu na moyo usioogopa mawimbi ya usiku. Kijana asiye na shamba wala cheti alipata fungu lake kila siku, akanunua viatu na redio, na shule akaiona ni kupoteza wakati. Baba yake alikopa fedha akanunua chombo na nyavu, maana alikuwa na watoto wa kusomesha, na wakala alikuwa radhi kumkopesha kwa sharti la kumwuzia yeye peke yake. Babu alibaki nyuma. Maji ya mbali yalimshinda, na mtumbwi wake mdogo haukuweza kushindana. Naye bibi, aliyezoea kununua samaki ufuoni akawakaanga na kuwauza sokoni, alikuta magari ya viwanda yamemzidi bei. Kilichomfikia ni mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa vilivyobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa. Akaikaanga, akaiuza kwa maskini wenzake.

Kisha ukaja msiba. Mwishoni mwa mwaka 1997, kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwa kikienea Afrika ya Mashariki, Umoja wa Ulaya uliwakataza samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba hatari ya kuambukizwa kipindupindu kwa samaki wa kununuliwa ng'ambo ni ndogo sana. Hata hivyo katazo lilidumu mpaka katikati ya mwaka 1998. Mwaka 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa habari kwamba wako watu waliokuwa wakivua kwa sumu ziwani. Uganda na Tanzania zilifunguliwa mapema. Kenya ilingoja mpaka mwishoni mwa mwaka 2000.

Je, ni nani katika nyumba yetu aliyeumia zaidi? Mjukuu alikosa fungu lake tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mtu wa kibarua hana akiba. Lakini alikuwa mwepesi. Aliweza kuhamia ufuo mwingine, au kuvua omena kwa taa, au kwenda mjini kutafuta kazi. Hasara yake kubwa ilikuja baadaye, alipotambua kwamba miaka ya shule aliyoiuza kwa fungu la samaki hairudi.

Babu hakuguswa sana, maana soko lile halikuwa lake. Alikuwa na mtama na mihogo yake shambani. Bibi naye, ajabu, alipata nafuu kidogo, kwa kuwa magari yalipopungua aliweza tena kununua samaki mzima.

Aliyebanwa kuliko wote ni baba. Deni la nyavu halikujua habari za Ulaya. Karo nayo haikungoja, kwani hata elimu ya msingi haikuwa bila malipo mpaka mwaka 2003. Hakuweza kuondoka kama kijana, kwa sababu ana chombo na ana watoto. Wala hakuweza kulitegemea shamba kama mzee, kwa sababu alikuwa ameliacha vichakani miaka mingi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliuacha, na msala ukapita.

Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa masharti mapya. Yalitakiwa mabanda safi ya kushushia samaki, barafu, vipimo na maandishi. Masharti haya ni mema, kwa kuwa usafi hutufaa hata sisi wenyewe walaji. Lakini tufahamu kwamba kila sharti la maandishi humpandisha aliyesoma na humshusha asiyesoma, na kwa kawaida asiyesoma ndiye mzee. Leo katika kamati za kusimamia fuo anahitajika mtu wa kuandika hesabu na kusoma barua. Kijana aliyemaliza shule aweza kupata nafasi hapo bila kushika kasia.

Tena biashara ina njia mbili: yetu hutoka, na ya wengine huingia. Katika miaka ya 2010 samaki wa kufugwa kutoka China, waliogandishwa kwa barafu, walijaa katika masoko ya Kenya, hata Kisumu penyewe, kwa bei iliyo chini ya ngege wa ziwani. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza nia ya kuwazuia, lakini biashara hiyo ikaendelea. Hapa pia umri hugawanya faida na hasara. Mama kijana wa mjini, mwenye mtaji mdogo, hununua katoni moja akauza siku hiyo hiyo. Mama mtu mzima wa Sindo, aliyezoea wateja wake miaka ishirini, huambiwa kwamba samaki wake ni ghali. Wote wawili wana watoto wa kulisha, na si haki kumwita mmoja adui wa mwenzake.

Liko jambo jingine, nalo ni mabondo. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa mbuta. Zamani hakikuwa na thamani kubwa. Leo hukaushwa kikapelekwa Hong Kong na China, na kwa uzani bei yake hupita kwa mbali bei ya mnofu. Mvuvi anayeuza samaki mzima bila kuuliza habari za bondo humpa mnunuzi sehemu iliyo bora kwa bei ya ile iliyo duni.

Basi tufanye nini? Hatuwezi kuwaamuru watu wa Ulaya au China, lakini nyumbani mwetu twaweza kujipanga kwa umri. Kijana na avue, lakini asiiache shule wala ufundi. Mwenye kujua kutengeneza mashine ya mtumbwi atapata kazi hata soko likifungwa. Mtu wa makamo na asikope kwa samaki ambao hawajavuliwa, bali aweke akiba katika chama cha ushirika, na shamba lake alilime kila mwaka, ziwa likijaa au likipungua. Mzee na ahesabiwe haki yake: tangu mwaka 2018 upo mpango wa Serikali wa kuwasaidia wenye miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na jamaa zake wahakikishe kwamba ameandikishwa.

La mwisho ni la watu wa umri wote. Tuitii miezi ya kufungwa kwa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, na tusiwavue mbuta wachanga. Bei ikianguka leo yaweza kupanda mwakani. Lakini samaki wakiisha, hata Ulaya ikifungua milango yote, mjukuu wa mjukuu wetu atasimama ufuoni Sindo na beseni tupu.