Maktaba ijibu, isipige mbiu tu

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi maktaba za vyuo vikuu vyetu ziliishi kwa methali hiyo. Zilijua kuwa hazina iliyo rafuni ni njema, zikangoja wasomaji wajilete. Lakini mwanafunzi wa leo hupata majibu kiganjani mwake, yawe ya kweli au ya uongo, na hazina asiyoweza kuifikia kwa simu huiona kana kwamba haipo.

Kwa hivyo, ni jambo la kupongezwa kwamba baadhi ya maktaba zimeanza kuwafikia wasomaji kwa arafa na kwa WhatsApp. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, Mkenya amezoea kukamilisha shughuli zake kwa simu: kulipa karo, kununua unga, hata kutuma rambirambi. Mbona kuulizia kitabu kumshinde?

Hata hivyo, pana hatari ya nyenzo hii kugeuzwa mbiu tu. Ujumbe ukiwa ni ule ule uliokuwa ukibandikwa ukutani, yaani saa za kufungua, siku za kufunga na onyo kwa waliochelewesha vitabu, basi kilichohamia simuni ni ubao wa matangazo, wala si maktaba.

Mwaka wa 1931, S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alichapisha kanuni tano za ukutubi. Miongoni mwake ni kwamba kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, na kwamba wakati wa msomaji uokolewe. Kanuni hizi hazitimizwi kwa matangazo. Hutimizwa kwa mazungumzo.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi huandika, "Naomba vitabu vya fasihi simulizi." Mkutubi hodari hamrushii orodha ndefu. Humuuliza: Ni utanzu gani, ngano au nyimbo? Ni jamii ipi? Unaandika insha ya muhula au tasnifu? Baada ya maswali matatu manne, haja ya kweli hujitokeza, na pengine mwenyewe hakuwa ameitambua. Huo ndio ufundi wa ukutubi, na ndio unaoweza kufanyika kwa ujumbe wa simu pasipo mtu kupanga foleni wala kuona haya.

Anayefaidi zaidi ni msomaji wa mbali. Mfikirie mwalimu afundishaye Lodwar, anayesomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Moi wakati wa likizo. Maktaba kuu ya chuo hicho, iitwayo Margaret Thatcher, iko Kesses, nje ya mji wa Eldoret. Hawezi kuacha darasa lake kila juma akatafute makala moja. Ilhali vyuo vingi, kupitia muungano wa maktaba ujulikanao kama KLISC, hulipia haki ya kusoma majarida mengi ya kitaaluma kwenye intaneti. Mara nyingi kinachomzuia mwalimu kama huyo ni nywila asiyokuwa nayo na maelezo mafupi ya kuitumia. Majarida yaliyolipiwa yasiposomwa, fedha hizo zimemwagwa mchangani.

Aidha, tahadhari zinahitajika. Kundi la WhatsApp huanika nambari za wanachama wake wote, nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anachosoma mtu ni siri yake, na deni lake la kitabu halifai kutangazwa mbele ya wenzake. Heri mazungumzo ya mmoja kwa mmoja, katika nambari rasmi ya maktaba, si ya mkutubi binafsi. Vilevile, wepesi wa kutumiana faili usiwe kisingizio cha kusambaza vitabu vizima na kuwadhulumu waandishi hakimiliki yao. Wala tusimsahau mwenye simu ndogo, ile iitwayo mulika mwizi. Huyo atumiwe arafa, na meza ya mkutubi ibaki wazi kwa asiye na simu kabisa.

Lakini kikwazo kikubwa zaidi si mitambo. Ni kudhani kwamba kazi hii hujifanya yenyewe. Wakuu wa vyuo wakiifungua nambari na kumwachia mkutubi mmoja, juu ya kazi zake zote, watamchosha bure, na maswali yatalala bila majibu. Iwekwe zamu. Saa za kujibu zitangazwe na ziheshimiwe. Maswali yaliyojibiwa yahesabiwe kuwa kazi, sawa na vitabu vilivyoazimwa. Maswali yanayojirudia yawafikie wahadhiri, maana hufichua mahali wanafunzi wanapokwama.

Walimu nao wana wajibu. Mwalimu anayetoa zoezi la utafiti na awape wanafunzi wake nambari ya maktaba pamoja na zoezi hilo, awafunze kuuliza swali lililo wazi.

Tumezoea kuwaambia vijana kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni kweli. Ila aliyeuliza maktabani akakosa jibu hatarudi kuuliza tena. Atakwenda kwa yeyote atakayemjibu upesi, hata kama jibu lenyewe ni la uongo.