Mafuta na Oksijeni Havikai Pamoja

Tunapotembelea vituo vya afya, kamati za sharika hutuuliza kwa nini regulata ya mtungi wa oksijeni isitengenezwe na fundi wa gereji aliye jirani. Nao wafadhili hutaka kujua kwa nini tunasita kupokea mitungi na regulata zilizotumiwa na wapiga mbizi, ilhali zinaonekana nzima. Maswali haya mawili yana jibu moja.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Oksijeni yenyewe haiungui, bali huwezesha vitu vingine kuungua. Inapokuwa tupu na yenye presha kubwa, mpira, plastiki na hata chuma huweza kuwaka. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walifariki kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado ardhini kwenye majaribio. Chombo hicho kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu.

Kwenye mtungi, moto waweza kuanza hata bila cheche. Valvu ikifunguliwa ghafla, gesi hukimbilia ndani ya regulata, hubanwa mara moja, na joto lake laweza kupanda hadi mamia ya nyuzi. (Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto.) Joto hilo likikuta tone la grisi, au mafuta ya kujipaka yaliyotoka mikononi, moto huanzia hapo. Na tukumbuke kwamba mtoto mwenye nimonia anapowekewa oksijeni, mtungi huwa kando ya kitanda chake, na anayefungua valvu ni muuguzi.

Wapiga mbizi wamelichukulia jambo hili kwa uzito, kwa kuwa baadhi yao huvuta oksijeni tupu wakikaribia kuibuka, kwenye kina kisichozidi mita 6, ili naitrojeni itoke mwilini. Kwa desturi yao, kifaa cha kupitisha gesi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40 husafishwa kwanza. Hufunguliwa chote, kila kipande huoshwa kwa maji moto na sabuni isiyoacha utando, husuuzwa, kisha hukaushwa kwa gesi isiyo na mafuta. Maji yakimwagiwa chuma kilicho safi husambaa. Yakijikusanya kuwa matone, mafuta bado yapo. Mipira ya ndani hubadilishwa na kuwekwa inayostahimili oksijeni, na grisi vilevile. Ile grisi ya silikoni wanayoitumia kwa hewa ya kawaida haifai hapa. Kazi yote hii huharibika mtungi ukijazwa tena kwa kompresa ya kawaida, maana hewa yake hubeba chembechembe za mafuta.

Kwa hiyo regulata ya mpiga mbizi iliyotumika kwa hewa tu, hata ikiwa inang'aa, si ya kumfungia mgonjwa. Wafadhili wanaotaka kusaidia watufae kwa regulata mpya za hospitali pamoja na vipuri vyake. Bei ni kubwa, hatukatai, lakini sehemu ya bei hiyo ni usafi huo usioonekana kwa macho.

Fundi wa gereji hatumdharau. Tatizo ni spana yake yenye grisi, na ule moyo wa kutaka kulainisha kila kinachokwama. Valvu ya oksijeni ikikwama isitiwe mafuta ya aina yoyote. Muuguzi anawe mikono kwanza, afungue valvu polepole akiwa amesimama pembeni ya regulata, na pasiwe na jiko, mshumaa wala sigara karibu. Mtungi ukivuja kwenye kiungo, fungeni valvu, utoeni wodini, uandikeni USITUMIE, kisha mpigieni simu fundi wa vifaa vya hospitali kabla kamati haijanunua chochote.